Kihispania Tukifundishe kwa Kiswahili

Mazungumzo ya leo ni ya vitenzi vya Kihispania katika wakati uliopo: nafanya, unafanya, anafanya, na vyote vinavyofuata. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya darasani, hayana nafasi redioni. Nawaomba mnisikilize, maana nina hoja ninayoiamini kwa moyo wote. Mtu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, anayejifunza lugha mpya haanzi mikono mitupu. Kichwani mwake mna sarufi ya Kiswahili, mna ya Kirundi au Kinyarwanda, mna ya Kichewa, na mara nyingi mna ya Kifaransa. Sarufi hizo zinakutana na ya Kihispania mahali pengi ambapo Kiingereza hakifiki. Tukimfundisha Kihispania kwa kupitia Kiingereza peke yake, tunamzungusha bure.

Kwanza nijibu swali ambalo najua linaulizwa: Kihispania cha nini, huku Dowa kwenye kambi yetu? Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20, na mojawapo iko Afrika hii hii. Ginekweta ilipata uhuru kutoka kwa Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, na mpaka leo watu wake wanasema Kihispania pamoja na Kifang na Kibubi, ambazo ni lugha za Kibantu kama zetu. Kihispania ni lugha ya Umoja wa Afrika, na Kiswahili nacho kiliingizwa katika lugha za kazi za Umoja huo mwezi Februari 2022. Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wamekutana na Kihispania kiwandani, sokoni na kwa majirani. Tena, aliyeshika vitenzi vya Kihispania ameshika sehemu kubwa ya vitenzi vya Kireno, na Kireno ndicho kinachosemwa Msumbiji, nchi inayoizunguka Malawi kwa pande tatu. Kutoka Lilongwe, ukishika barabara ya kwenda Dedza, unaukaribia mpaka huo.

Sisemi kwamba Kihispania ni tiketi ya ndege. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa zimesubiri miaka zikabaki zilipo. Si haki kumwambia kijana kwamba akijua kugeuza vitenzi mlango utafunguka. Ila akili ya kijana huyo haikusimamishwa pamoja na mpango huo. Anayetaka kujifunza ana haki ya kufundishwa vizuri, hata kama hajui atakitumia wapi anachojifunza.

Sasa tuangalie huyu mwanafunzi ni nani. Dzaleka ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Ilipangwa kwa watu kama 10,000 hivi. Leo inakaliwa na zaidi ya 50,000. Walio wengi wametoka Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, na wako pia Waethiopia na Wasomali. Ukipita sokoni saa nne asubuhi, utamsikia mama akimkemea mwanawe kwa Kirundi, akitaja bei ya samaki kwa Kiswahili, akimjibu mteja Mmalawi kwa Kichewa, kisha akizungumzia masomo ya binti yake kwa Kifaransa. Mama huyo haoni ajabu yoyote, na jirani zake nao hawaoni.

Binti yake akiingia darasani mambo hubadilika. Sheria ya Elimu ya Malawi ya mwaka 2013 iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Kozi za elimu ya juu kwa njia ya mtandao, ambazo Wajesuiti walizianzisha Dzaleka mwaka 2010, zinafundishwa kwa Kiingereza. Masomo ya lugha ambayo vijana wanayafuata kwenye simu, wakinunua bando dogo dogo, mengi yanaeleza kila kitu kwa Kiingereza. Siwalaumu walioyatunga. Kiingereza kina faida zake, na atakayetaka kusoma Malawi ni lazima akijue. Shaka yangu ni kukigeuza kuwa mlango pekee wa kuingilia lugha nyingine zote.

Tuchukue kitenzi kimoja tuone. Kwa Kihispania kufanya kazi ni trabajar. Hiyo jota ya katikati hutamkwa kama kh ya Khamisi au ya kheri. Ukiondoa ile ar ya mwisho unabaki na mzizi, kisha unaweka alama ya nafsi. Trabajo, nafanya kazi. Trabajas, unafanya kazi. Trabaja, anafanya kazi. Trabajamos, tunafanya kazi. Trabajáis, mnafanya kazi. Trabajan, wanafanya kazi. Nafsi 6, alama 6, na kila alama inatosha kumtaja mtendaji.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza hushangaa hapo. Kiingereza kina alama moja tu katika wakati huu, ile s ya nafsi ya tatu umoja; nafsi nyingine zote zinatumia neno lile lile, kwa hiyo ni lazima mtendaji atajwe kando. Kwa sababu hiyo mwanafunzi huona alama hizo 6 kama mzigo wa kukariri, kisha akizungumza hutanguliza yo, yo, yo, yaani mimi, mimi, mimi, katika kila sentensi. Mhispania atamwelewa, ila atamsikia kama mtu anayejitaja mno.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-: hizo nazo ni alama 6, na amezitumia tangu alipoanza kusema. Hatusemi “mimi ninafanya kazi” isipokuwa tunataka kusisitiza kwamba ni mimi, si mwingine. Kihispania hufanya hivyo hivyo: trabajo inatosha, na yo trabajo ni pale unapotaka kujitenga na wenzako. Tofauti ni mahali tu. Kiswahili huweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi, Kihispania huiweka mwishoni. Mwalimu akimwambia mwanafunzi wa Kikongo au wa Kirundi, “Alama unazo tayari, leo tunazihamishia nyuma,” somo la wiki nzima limekwisha kwa nusu.

Na ukisikiliza vizuri utaona kitu cha pili. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa tamka tena: trabájo, trabájas, trabája, trabajámos, trabájan. Katika nafsi 5 kati ya 6 mkazo umeanguka pale pale tulipouzoea sisi. Ni trabajáis peke yake inayouvuta hadi mwisho, na hiyo hutumika Hispania. Katika nchi za Amerika watu husema trabajan kwa ninyi na kwa wao pia. Irabu nazo ni 5, a, e, i, o, u, na husikika karibu sawa na zetu. Mtoto wa Dzaleka akisoma Kihispania kwa sauti kama anavyosoma Kiswahili, atakuwa amekaribia sana.

Mkazo huo unafungua jambo ambalo wanafunzi wengi wanaliogopa, yaani vitenzi visivyofuata kanuni. Chukua querer, kutaka: quiero, quieres, quiere, lakini queremos. Chukua poder, kuweza: puedo, puedes, puede, lakini podemos. Chukua dormir, kulala: duermo, duermes, duerme, lakini dormimos. Kwa nini “sisi” inarudi kwenye irabu ya kawaida? Mwanafunzi hupewa jedwali akariri, basi. Kumbe sababu iko masikioni. Mkazo ukiikalia irabu ya mzizi wa vitenzi hivi, irabu inapanuka: e inakuwa ie, o inakuwa ue. Ukisema podemos mkazo umesogea mbele kwenye de, mzizi umepumzika, na o inabaki o.

Anayesema Kiswahili anaweza kulielewa hilo kwa ndani, kwa sababu mkazo unatusumbua sisi pia. Kwa nini tunasema anakula, na si “anala”? Ile ku inafanya nini pale? Kitenzi ni -la, silabi moja tu. Tukisema “anala” mkazo ungeangukia kwenye na, na ile na ya wakati haikubali kubeba mkazo, kwa hiyo ku inaitwa ije kuubeba. Ndivyo ilivyo anakunywa, anakuja, anakufa. Lakini katika hula, hunywa, hali na hanywi hatuihitaji, maana hu na ha zinaweza kubeba mkazo zenyewe. Lugha mbili zilizokua mbali mno, na zote mbili zimepindisha vitenzi vyake kwa ajili ya mkazo. Mwanafunzi akionyeshwa hilo anaacha kuona Kihispania kama lugha yenye vituko, anaona lugha yenye sababu. Tena anaiona sababu iliyokuwa katika Kiswahili chake, ambayo pengine hakuna aliyewahi kumweleza.

Tuje kwenye kuwa na. Kihispania kina tener: tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen. Nina, una, ana, tuna, mna, wana. Nina njaa, tengo hambre. Nina kiu, tengo sed. Nina usingizi, tengo sueño. Nina haraka, tengo prisa. Nina miaka 20, tengo veinte años. Neno kwa neno, bila kugeuza chochote. Kiingereza katika sentensi zote hizo hutumia kitenzi cha kuwa, si cha kuwa na, na mwanafunzi aliyepitia huko hutunga Kihispania kinachosema kwamba yeye ndiye njaa yenyewe. Mkongo na Mrundi waliosoma Kifaransa nao wana njia mbili za kufika, maana Kifaransa pia husema nina njaa na nina miaka. Ninapofikiri kwamba mtoto mwenye njia mbili zilizonyooka anapitishwa kwenye ya tatu iliyopinda, nasikitika kweli.

Vivyo hivyo gustar. Kihispania hakisemi “ninapenda maembe” kama Kiingereza; husema me gustan los mangos, maembe yananipendeza. Maembe ndiyo yanayotenda, na mimi ndiye ninayetendewa. Kitenzi kinafuata maembe, kikiwa katika wingi. Embe likiwa moja, me gusta, linanipendeza. Katika vitabu vya Kihispania vya wasemaji wa Kiingereza jambo hili huchukua kurasa nyingi. Kwetu ni sentensi ambayo bibi yeyote wa Uvira au wa Kigoma ameisema.

Kisha kuna ser na estar, vitenzi viwili vya kuwa, ambavyo wanafunzi hulalamika kwamba vinawavunja moyo. Soy, eres, es, somos, sois, son. Na estoy, estás, está, estamos, estáis, están. Ser ni ya kumtaja mtu ni nani au kitu ni nini. Estar ni ya kusema kiko wapi na kiko katika hali gani. Sasa sikiliza Kiswahili. “Yeye ni mwalimu” ni es maestra. “Yuko Lilongwe” ni está en Lilongwe. Tuna ni, na tuna yuko, na hakuna mtoto anayezichanganya. Hali nayo tunaitofautisha: “amekaa” kwa maana ya mtu aliye kitini ni está sentado, “amechoka” ni está cansado. Ile me yetu ya hali iliyopatikana na ikabaki inaelekea upande wa estar. Si kila mahali zinalingana. “Ni mgonjwa” yetu hudai estar kule. Lakini mwanafunzi ana mahali pa kuanzia, na anachobaki nacho ni kujifunza zile chache zinazokataa.

Na hapa niseme neno kwa ajili ya Kiswahili cha Kongo, ambacho ndicho kinachosikika zaidi Dzaleka. Mtu wa Bukavu au wa Uvira husema “niko nasema”, “tuko nakula”, “bantu banasema”. Wapo walimu wanaomkosoa na kumwambia hicho si Kiswahili. Katika mtihani wa Kiswahili sanifu ni kweli aandike ninasema na wanasema. Lakini hebu angalia alichojenga: niko, yaani nipo mahali, kisha kitenzi cha tendo linaloendelea. Kihispania kinafanya vivyo hivyo, estoy hablando, niko nasema, na hiyo estar inatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusimama. Mtoto wa Kivu ana muundo huo mdomoni kila siku. Kumwambia kwamba lugha yake ni makosa ni kumnyang'anya msaada alio nao, tena siku ile ile anapouhitaji.

Kichewa nacho kina zawadi ambayo Kiswahili hakina. Ile na yetu inafanya kazi mbili: “ninauza nyemba”, yaani maharagwe, yaweza kuwa sasa hivi, na yaweza kuwa ndiyo kazi yangu. Hu husaidia kuonyesha mazoea, ila haitaji nafsi. Kichewa kimegawa wazi. Ndikugulitsa nyemba, nauza nyemba hivi sasa. Ndimagulitsa nyemba, huuza nyemba, ndiyo biashara yangu. Kihispania nacho kinagawa: estoy vendiendo kwa sasa hivi, vendo kwa mazoea, ingawa vendo hutumika hata kwa sasa mtu asipotaka kusisitiza. Kijana aliyekulia Malawi, anayesema Kichewa na wenzake wa shule, anaielewa tofauti hiyo papo hapo. Mwalimu amwambie tu: palipo na ku weka estoy, palipo na ma tumia kitenzi peke yake.

Lakini Kichewa pia kinatufundisha kuwa macho, kwa sababu silabi iliyo yetu huko ina kazi nyingine. Na ya Kiswahili ni ya wakati uliopo. Na ya Kichewa ni ya wakati uliopita. Mgeni anayefika soko la Lilongwe akisema ndinagulitsa nyemba, akidhani anatangaza biashara yake, amesema kwamba aliuza nyemba, na mteja atapita. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Watu waliokuwa wakisema ndimagulitsa ikawabidi waseme ndinagulitsa. Mtu anapoeleza maisha yake mbele ya afisa, kwa kupitia mkalimani, silabi moja ya wakati ndiyo inayosema kama bado ana duka au alikuwa nalo, kama mtoto wake yuko hai au alikuwepo. Ndiyo maana sikubali kwamba vitenzi ni mchezo wa daftari. Kwa watu wetu wakati wa kitenzi ni ushahidi.

Na heshima je? Kihispania kina tú kwa mwenzako na usted kwa mtu wa kuheshimiwa, na usted huchukua kitenzi cha nafsi ya tatu: tú trabajas, lakini usted trabaja. Msemaji wa Kiingereza hana cha kumsaidia hapo. Sisi tunacho. Mtoto wa Dzaleka anapomsalimu mzee wa Kimalawi husema muli bwanji, kwa wingi, ingawa mzee ni mmoja. Mrundi na Mnyarwanda hufanya hivyo kwa wazee wao, na Kifaransa kina vous. Kwamba kitenzi chenyewe kinaweza kuinama mbele ya mkubwa, mtoto huyo amelijua kabla ya kujua kuandika. Mwonyeshe kwamba Kihispania kinainama kwa kuhama nafsi, naye atakumbuka.

Naomba niwakumbushe pia kwamba njia hii baina ya Kichewa na Kiswahili ni ya zamani, na ilianza kwa uchungu. Katika miaka ya 1853 na 1854, kule Rabai karibu na Mombasa, mmisionari Johannes Rebmann aliandika kamusi ya lugha ambayo leo tunaiita Kichewa. Mwalimu wake alikuwa mtu aliyeitwa Salimini, mzaliwa wa upande wa magharibi wa Ziwa Malawi, yaonekana maeneo haya ya Lilongwe, aliyekamatwa na wafanyabiashara ya watumwa na kufikishwa pwani. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, baada ya Rebmann mwenyewe kufariki. Salimini alikuwa amenyang'anywa nchi yake na uhuru wake, akiwa katikati ya Waswahili, na bado alikuwa na vitenzi vyake kamili, kwa kila nafsi na kila wakati. Elimu hiyo ilitoka kwake. Walioishika kalamu waliandika alichokijua yeye. Kila ninapomsikia mtu akisema mkimbizi hana kitu, namkumbuka Salimini.

Sidai kwamba Kiswahili kinatatua kila tatizo. Vitenzi vya Kihispania viko katika makundi matatu, vya ar, vya er na vya ir, na irabu hubadilika: vendemos, tunauza, lakini vivimos, tunaishi. Hilo ni la kukariri. Ir, kwenda, ni voy, vas, va, vamos, vais, van, na hakuna kanuni itakayokupa voy kutoka ir. Herufi h haitamkwi, na v husikika kama b. Na kuna mahali sisi ndio wenye ugumu zaidi: kukanusha. Mhispania huweka no mbele akamaliza, no trabajo. Sisi ni sifanyi, hufanyi, hafanyi, hatufanyi, hamfanyi, hawafanyi, na irabu ya mwisho tunaigeuza iwe i. Mtoto aliyeyashika hayo yote bila kufundishwa na mtu atashindwaje na trabajo na trabajas?

Basi nina maombi matatu. Kwa walimu, wa shule na wa madarasa ya jioni: msione haya kuandika Kiswahili, Kichewa au Kirundi ubaoni mnapofundisha lugha ya kigeni. Chora safu 4 za kitenzi kimoja, moja ya Kihispania na 3 za lugha zilizomo darasani, kisha waulize wanafunzi wenyewe zinafanana wapi. Watakuonyesha mambo ambayo kitabu hakina. Ukiwa na Mkongo anayesema niko nafanya, mwite mbele, muundo wake ndio mfano wa siku.

Kwa wazazi: mnasikia watu wakisema kwamba lugha ya nyumbani inamchelewesha mtoto. Msikubali. Mtoto anayesema lugha ya mama yake kwa ukamilifu ana vitenzi vya kulinganishia, na asiye nayo hana cha kulinganisha. Zungumzeni naye, mrekebisheni, mwambieni hadithi ndefu zenye watu wengi na nyakati nyingi.

Na kwako kijana unayejifunza peke yako kwenye simu: chukua vitenzi vya kazi yako na vya nyumba yenu, kuuza, kuchota maji, kushona, kupika, kusoma, kusubiri. Viandike kwa nafsi zote, Kihispania upande mmoja na lugha yako upande wa pili. Kiingereza kikikusaidia mahali, kitumie. Kikikupinda, kiache upite kwenu. Visome kwa sauti, maana mkazo ndio utakaokufundisha lini puedo inakuwa podemos. Mkiwa wawili ulizaneni, mkiwa kumi fanyeni darasa. Sarufi unayoihitaji hukuazima kwa mtu. Ulikuja nayo, na hakuna mpaka uliokunyang'anya.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya wakati uliopita, ambao ni mgumu zaidi. Hadi hapo, andikeni vitenzi vyenu, na mkipata mahali Kihispania na lugha yenu vinapokutana ambapo sikupataja, tuleteeni tuvisome hewani.